Je, Wajua? Rekodi za Jinai Zinazofungwa Bila Kuombwa

Anayetafuta kazi au viza Afrika Mashariki anakijua vizuri cheti cha tabia njema: unakwenda polisi, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri. Marekani mambo ni mepesi zaidi kwa mwajiri na magumu zaidi kwa mwombaji. Rekodi nyingi za mahakama ziko wazi kwa umma, na kesi ya miaka mingi iliyopita inaweza kuonekana kabla mtu hajaitwa kwenye usaili au kupewa nyumba ya kupanga. Ndiyo maana majimbo kadhaa yametunga sheria za kufunga rekodi za zamani zenyewe, bila mhusika kuomba.

JE, WAJUA…

Kwamba Pennsylvania ndiyo iliyotangulia? Muswada uliopewa jina Clean Slate ulisimamiwa na wabunge wa vyama hasimu, Sheryl Delozier wa Republican na Jordan Harris wa Democratic. Gavana Tom Wolf aliutia saini Juni 2018, na mwaka uliofuata kompyuta zikaanza kazi. Haikuchukua muda mrefu kesi zaidi ya milioni 30 zikawa zimefungwa.

Kwamba kazi yenyewe hufanyika kila mwezi? Ofisi kuu ya mahakama za Pennsylvania huchambua kumbukumbu zake na kutoa orodha ya kesi zilizotimiza masharti. Polisi wa jimbo hupewa siku 30 kuilinganisha na rekodi zao na kuonyesha zile zisizostahili. Zinazobaki hutolewa amri ya mahakama, kisha hutoweka kwenye tovuti ambayo mtu yeyote huweza kuipekua. Mhusika hajazi fomu, halipi ada, wala hasimami mbele ya hakimu.

Kwamba hata asiyepatikana na hatia alikuwa akibebeshwa mzigo huo? Mashtaka yakiondolewa, au mtu akiachiwa huru, kesi iliendelea kuonekana kwenye rekodi. Mwajiri akiona neno wizi, mara nyingi hasomi hadi mwisho kujua kesi iliishaje. Sheria ya Pennsylvania inafunga kesi za namna hii pia.

Kwamba haki ya kuomba iliwafaa wachache tu? Watafiti wawili wa sheria, J.J. Prescott na Sonja Starr, walichunguza rekodi za Michigan za wakati ambapo kila mtu alilazimika kupeleka ombi mahakamani. Kati ya waliostahili kufutiwa hatia, ni asilimia 6.5 tu waliofanikiwa ndani ya miaka mitano tangu wastahili. Wengine walikwamishwa na makaratasi, ada, kukosa wakili, au kutojua kabisa kwamba haki hiyo ipo. Haki inayowafikia watu sita au saba katika kila mia haijawa haki ya wote.

Kwamba waliofutiwa hawakurudi kwenye uhalifu kwa wingi? Utafiti huohuo ulionyesha kuwa ni asilimia 4.2 tu waliotiwa hatiani tena katika miaka mitano iliyofuata. Mapato yao nayo yalipanda kwa zaidi ya asilimia 22 ndani ya mwaka mmoja, hasa kwa sababu wasio na kazi walipata kazi. Anayehofia usalama wa mtaa wake ana kila sababu ya kuziunga mkono sheria hizi.

Kwamba Michigan iliwafikia watu zaidi ya milioni moja kwa siku moja? Ilikuwa tarehe 11 Aprili 2023, siku mfumo wake wa kufuta hatia bila kuombwa ulipowashwa. Makosa madogo husubiri miaka 7, makubwa miaka 10, na makosa mazito ya ukatili hayaguswi.

Kwamba Uingereza ilianza mapema zaidi? Sheria yake ya mwaka 1974 inasema hatia nyingi huisha nguvu baada ya muda fulani, na mtu halazimiki tena kuzitaja anapoomba kazi za kawaida. New Zealand ilifuata mwaka 2004: ukikaa miaka 7 bila hatia mpya, na hujawahi kufungwa jela, rekodi yako inafichwa yenyewe.

Kwamba kufungwa kwa rekodi si kuchomwa moto? Polisi, waendesha mashtaka na mahakama bado wanaweza kuiona. Wanaozuiwa ni mwajiri wa kawaida, mwenye nyumba na umma kwa jumla.

Kwamba idara ya uhamiaji haifungwi na msamaha wa jimbo? Hili liwafikie ndugu zetu wanaoishi Marekani. Hatia iliyofungwa au kufutwa na jimbo ili kumpa mtu nafasi mpya kwa kawaida bado huhesabiwa kuwa hatia chini ya sheria ya uhamiaji ya taifa. Anayeomba ukaazi au uraia asiifiche kwa kudhani imekwisha. Aonane kwanza na wakili wa uhamiaji, na atunze nakala za kesi zilizothibitishwa na mahakama, maana ataulizwa. Mtu aliyemaliza adhabu yake na kuishi miaka kumi bila kosa anastahili kuaminiwa na serikali zote mbili, ya jimbo na ya taifa. Kwa mgeni, ya taifa bado haijamwamini.