Mo na Simba: Mwenye Timu Hasa ni Nani?

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilikuwa Njukini, kule juu ya Taveta ambako ukisimama penye migomba Kilimanjaro unakutazama usoni. Nikawakuta vijana wa timu ya pale wamekaa kitako wanajadiliana. Kuna tajiri mmoja, mtu wa kandarasi, amewaahidi jezi, viatu na gari la kuwapeleka mechi za ugenini. Sharti lake ni moja tu: awe mwenyekiti, na timu iwe yake.

Kijana mmoja aliyevaa jezi nyekundu ya Simba ya Dar es Salaam (huku mpakani Simba na Yanga huvuka bila pasipoti) akasema, "Ustadh, si hata Simba ni ya Mo? Na mbona inashinda?"

Nikamwambia hilo swali si la kujibiwa kwa kusimama. Ndugu msomaji, jibu lenyewe ni hili.

Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida mwaka 1975, ni mtoto wa mfanyabiashara na mwenyewe ni mfanyabiashara wa kampuni ya METL: unga, mafuta ya kupikia, sabuni, nguo. Amesoma Marekani, na amekuwa mbunge wa Singida Mjini kutoka 2005 hadi 2015. Lakini Simba hakuianzisha yeye. Klabu hiyo ni ya mwaka 1936, na miaka yote hiyo ilikuwa mali ya wanachama wenye kadi, wanaopiga kura na kugombana kwenye mikutano mikuu.

Mwaka 2017 wanachama walikubali klabu igeuzwe kampuni. Desemba ya mwaka huo Mo akatangazwa mshindi wa zabuni kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania. Yeye alitaka nusu kwa nusu. Serikali ikakataa: mwekezaji asizidi asilimia 49, na 51 zibaki kwa wanachama.

Hapo ndipo wengi wetu huchanganyikiwa. Simba ikawa na wenyeviti wawili. Kuna mwenyekiti wa bodi, kiti kinachotoka upande wa mwekezaji, na kuna mwenyekiti wa klabu anayechaguliwa na wanachama. Wa kwanza kuchaguliwa katika mfumo huo alikuwa Swedi Mkwabi, Novemba 2018. Mwaka 2021 akachaguliwa Murtaza Mangungu. Kwa hiyo Mo si mwenye Simba. Ana sehemu, tena sehemu ndogo kwenye karatasi.

Kwenye karatasi, nasema. Uwanjani mambo ni mengine, maana anayelipa mishahara husikika hata akinong'ona. Oktoba 2018 Mo alipotekwa nyara pale Dar es Salaam na kupatikana siku tisa baadaye, mashabiki walimwombea kama mtu wa nyumbani kwao. Januari 2020, Simba ilipofungwa na Mtibwa Sugar kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, aliandika mtandaoni kwamba anaacha uenyekiti wa bodi, akilalamikia mabilioni anayolipa kila mwaka. Klabu nzima ikatetemeka kwa ujumbe mmoja wa simu! Haikuchukua muda akarudi. Na zile bilioni 20, wanachama waliziulizia miaka, mpaka hundi ilipoonyeshwa hadharani Julai 2021. Septemba mwaka huo akakiacha kiti, na Juni 2024 akakikalia tena.

Faida imeonekana, tusiwe wachoyo wa kusema. Simba ilichukua ligi mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, ikazoea robo fainali za Afrika, na Mei 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Moroko.

Sasa watazame majirani zao. Yusuf Manji, Mungu amrehemu, alichaguliwa mwenyekiti wa Yanga mwaka 2012. Alitoa mfukoni, na Yanga ikabeba ligi 2013, 2015, 2016 na 2017. Mei 2017 akajiuzulu, mambo yake yakiwa yamemkalia vibaya. Mfuko ukaondoka na mwenyewe. Mishahara ikakwama, na klabu kubwa kama ile ikapitisha bakuli kwa mashabiki. Ilikaa misimu minne bila ubingwa. Iliponyanyuka, ilikuwa ni kwa sababu kadi za wanachama zilikuwepo bado, jina lilikuwepo, na mfadhili mwingine, GSM, alikuta kitu cha kushika.

Hilo ndilo nililorudi nalo Njukini. Niliwaambia jezi wapokee, gari wapande, na mzee wa kandarasi wamshukuru kwa dhati, kwani si wengi wanaotoa. Ila kabla ya kutia sahihi waulize: jina la timu akitaka kulibadilisha, nani atamzuia? Pesa zikiingia, sahihi za benki ni za nani? Akichoka, au akikosa kandarasi, mipira itabaki kwa nani?

Yule wa jezi nyekundu akacheka. "Sisi hata uwanja si wetu, Ustadh. Hiyo asilimia 51 yetu itakuwa ya nini?"

Nikamuuliza daftari la wanachama liko wapi. Wakatazamana. Mwisho nahodha akatoa shilingi mia, akamtuma mdogo wake dukani akalinunue.