Mkali wa Karata Anakula Wapi?

Oya wana wa Mnyuzi, tuongee mkwanja. Kila kijiwe kina yule mchizi ambaye kwenye arubastini hakamatiki. Siyo kwamba anagawiwa karata kali kuliko wenzake, ila hasahau kilichodondoka mezani. Ree ni 11, saba ni 10, K ni 4, J ni 3, Q ni 2, jumla pointi 120, na ukivuka 60 umeua. Wakati wewe unahesabu kwa vidole, mwana keshajua turufu ngapi zimebaki na nani kazificha. Washkaji wanamwita mkali. Dingi yake anamwita mvivu.

Sasa kuna watu majuu wanafanya hicho hicho na wanalipwa kwa dola. Mchezo uliofungua njia unaitwa Magic: The Gathering. Ulitoka Marekani mwaka 1993, na aliyeubuni ni Richard Garfield, msomi wa hisabati. Wajapani wakaja na karata za Pokémon 1996, kisha Yu-Gi-Oh! 1999. Kwenye arubastini wote mnagawiana pakiti moja. Kwenye Magic kila mtu anatokea na karata zake, 60 au zaidi, alizozipanga mwenyewe geto. Unaanza na uhai wa pointi 20, unashika karata saba mkononi, unamshushia mwenzako majini na uchawi mpaka uhai wake ufike sifuri. Karata zinauzwa kwenye vipakiti vilivyofungwa na hujui ndani kuna nini. Zile adimu ni noma: mwaka 2023 msanii Post Malone alinunua karata moja, moja tu, kwa bei inayotajwa kuwa dola milioni 2.

Tuje kwenye mpunga wa wachezaji. Mwaka 1996 wenye mchezo walianzisha mashindano ya pesa yanayoitwa Pro Tour, ya kwanza yakapigwa New York. Hapo ndipo yakazaliwa majina. Mjerumani Kai Budde kabeba Pro Tour mara saba. Jon Finkel wa Marekani akawa bingwa wa dunia mwaka 2000. Februari 2020, kule Honolulu, Mbrazil Paulo Vitor Damo da Rosa aliwachapa wote kwenye ubingwa wa dunia akasepa na dola 300,000. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya milioni 650. Kwa kucheza karata, mwanangu!

Ila kabla hujarudisha boda ya watu ukaenda kupanga karata, sikia upande wa pili. Honolulu walikaa mezani watu 16 tu, dunia nzima. Na bahati haijawahi kuhama kwenye karata: hata hao wakali, kwenye mashindano makubwa wanapoteza kama mechi moja kwenye kila tatu. Yaani unaweza ukacheza freshi kabisa, karata zikakukatalia, ukarudi nyumbani na deni la nauli. Ukali wao unaonekana ukihesabu mechi mia, siyo mechi moja. Ndiyo maana mkeka wa kubeti hauingii hapa. Kwenye mkeka unasubiri miguu ya watu wengine. Kwenye karata kila kosa ni lako, na kesho unaweza kulirekebisha.

Halafu kuna ishu ambayo wengi hawaioni. Anayechapa karata ndiye anayeweka sheria, ndiye anayesema karata ipi imepitwa na wakati ununue nyingine, na ndiye anayetoa zawadi. Mwaka 2019 kampuni ya Magic ilianzisha ligi ya wachezaji 32, kila mmoja mkataba wa dola 75,000 kwa mwaka. Wana wakaona wametoboa, ugali umepatikana. Mei 2021 kampuni ikatangaza kwamba msimu unaofuata ndio wa mwisho kwa mfumo huo wa ligi. Hakuna aliyeshuka kiwango, hakuna aliyezingua. Bosi kabadilisha mpango, basi.

Cheki sasa waliobaki wamesimama. Finkel aliingia kwenye kampuni ya uwekezaji New York, ile hesabu ya karata akaipeleka kwenye hisa. Da Rosa miaka nenda rudi anaandika makala za kufundisha mchezo. Wengine wanarusha mechi zao mtandaoni au wanafundisha watu kwa malipo ya saa. Huku kwetu, Sylvia Gathoni wa Nairobi, maarufu kama QueenArrow, hachezi karata. Yeye anapigana kwenye gemu la Tekken, na mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya nje akiwa chuo anasoma sheria. Shule hakuacha. Wote hao zawadi imewapa jina, na jina ndilo linalowatafutia msosi.

Kwa hiyo mkali wa Mnyuzi, kama una moto kweli, mchongo ni huu. Kwanza, acha kucheza kwa buku buku kijiweni. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2003 inataka leseni, na polisi wakitokea hawataki stori kuhusu kipaji. Wazee wa karata tatu pale stendi ndio usiwasogelee kabisa, ule ni wizi wenye shangwe.

Pili, Magic ipo kwenye simu tangu 2021, inaitwa Arena, na kupakua ni bure. Inakula nafasi na bando, kwa hiyo tafuta sehemu yenye waifai. Karata zinaongea Kiingereza, komaa nacho, maana neno moja ukilisoma vibaya umepoteza mechi. Humo humo kuna mashindano ya mchujo, na ukipenya unaweza kufika Pro Tour bila kukanyaga duka la karata, ambalo kuanzia hapa mpaka Tanga mjini utalitafuta mpaka uchoke.

Tatu, kila mechi uliyopigwa iandike kwenye daftari: ulishika nini, ulishusha nini, ulikosea wapi. Daftari hilo ndilo darasa utakalokuja kuuza siku ukiwa na jina.

Nne, boda usiiache. Karata zipewe usiku, mchana tafuta hela.

Na mwisho, shughulikia pasipoti mapema. Mashindano makubwa yanapigwa Marekani, Ulaya na Japani, mwaliko unakuja na tarehe, ubalozi nao una foleni ya viza. Ukianza kuhangaika siku umeshinda mchujo, umechelewa. Kama hata namba ya NIDA ya kuombea hiyo pasipoti huna, wiki hii hii panda gari nenda Korogwe.