Sura Inayoanzia Gizani

Mama mmoja anayekaanga chipsi pale Maili Moja, Kibaha, aliwahi kuniuliza inakuwaje mtu mzima na akili zake ananunua vifungashio vyeupe ishirini bila chipsi hata moja ndani. Nikamwambia nataka kuchapa sura za watu. Akanitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini, akanihesabia vifungashio vyangu, kisha akasema, "Basi anza na mimi, Mwalimu."

Kifungashio kile ni polistirini, plastiki iliyoumuliwa kama andazi. Kikate kwa wembe ukitazame kwa karibu: ni vijumba vidogo vya hewa vilivyobanana. Ukibonyeza kwa ncha ya kalamu, kuta za vijumba hivyo huvunjika na hazisimami tena. Kazi nzima imeegemea hapo, kwamba bamba linalokatwa humo lina kumbukumbu. Sponji ya godoro nayo ni povu, lakini ukiibonyeza inarudi ilivyokuwa, na juu ya usahaulifu wake inakunywa wino wote. Soli ya ndala ina ukaidi wa aina yake: kalamu haiifanyi kitu, inataka wembe mkali na subira, ila ukishaichonga inadumu sana. Nilibishana na ndala mwezi mzima kabla ya kurudi kwa mama wa chipsi.

Rola yenye wino ikipita juu ya bamba, wino hushika palipoinuka na kuruka palipobonyea. Ukilaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, palipobonyea hubaki na rangi ya karatasi. Ni muhuri tu, ndugu msomaji, ule ule ambao watoto wa shule huuchonga kwenye kiazi ili kumwigiza mwalimu mkuu.

Wachapaji wa kisanaa tumekuwa nao muda mrefu, na wengine walifanya kazi ngumu kuliko hii. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, ilikuwa na wasanii waliochora kwenye mabamba ya metali na kuyalisha tindikali, Robino Ntila akiwa mmoja wao. Njia ile hutoa mstari mwembamba kama unywele. Lakini inadai mashine ya kugandamiza, inadai tindikali, na inadai mtu mzoefu wa kukusimamia usije ukaungua. Mimi nina meza, kijiko, na feni inayozunguka inapojisikia.

Sasa tuje kwenye sura. Mpe mtoto wa darasa la sita penseli na karatasi, mwambie amchore bibi yake. Atachora duara, macho, pua na mdomo, na bibi atabaki mweupe pee. Mtoto hana kosa. Karatasi ilianza nyeupe, na kila kivuli anachotaka kukiweka kinamgharimu jasho, kwa hiyo anaweka mistari ya pembeni na kwenda kucheza. Bamba la povu linaanzia upande wa pili. Ukilipaka wino kabla hujaligusa, linatoa mraba mweusi tii. Sura imo humo gizani, na kila unapobonyeza unawasha taa ndogo: kwenye paji la uso, juu ya mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini, ncha ya kidevu. Kwa sura zetu sisi, nasema bila kusita, povu ni mwalimu bora kuliko penseli. John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987, alichonga linoleamu, na kazi zake nyingi zina nguvu hiyo hiyo ya weupe unaochomoza kutoka kwenye weusi.

Picha ya kuanzia ipige kwa simu, mtu akiwa amekaa kando ya dirisha ili mwanga umpige upande mmoja. Mwanga wa jua la saa sita unashukia utosini na kuyazamisha macho kivulini. Ichapishe kwa ukubwa wa bamba, ilaze juu ya povu, pitisha kalamu iliyokwisha wino kwenye mipaka ya mwanga. Nimesema mipaka ya mwanga, si mipaka ya uso. Ukizungusha mstari kuzunguka uso mzima umerudi kwenye duara la mtoto wa darasa la sita. Upande wa gizani acha shavu limezwe na usiku. Jicho la mtazamaji litalimalizia lenyewe. Kwa nywele fupi gonga-gonga kwa kifuniko cha kalamu. Kwa mabutu na misuko, mistari mirefu inatosha.

Nilipompelekea mama wa chipsi nakala ya kwanza, aliishika mbali na sufuria, akaigeuza, akacheka. "Mwalimu, mbona umenimwagia unga?"

Alikuwa na haki. Kila nilipowasha taa, taa ilikuwa nyeupe ya karatasi, na ngozi nyeusi ikipigwa na mwanga haiwi nyeupe. Inakuwa ya kahawia, pengine na wekundu wa shaba. Weupe ni wa macho na meno. Nilichapa upya kwenye karatasi ya kaki, ile ya bahasha, na papo hapo ngozi ikarudi kwenye ubinadamu wake. Ila macho nayo yakawa ya kaki, kama mtu mwenye manjano.

Dawa ilikuwa kuchapa bamba lile lile mara mbili. Kwanza bonyeza weupe wa macho peke yake, na meno kama anatabasamu, kisha chapa kwa kahawia kwenye karatasi nyeupe, nakala zote unazozitaka siku hiyo hiyo. Osha bamba. Sasa bonyeza sehemu za ngozi zinazopigwa na mwanga, paka nyeusi, na uchape juu ya zile nakala za kahawia. Macho yanabaki meupe, mwanga wa ngozi unabaki kahawia, na kila kingine kinakuwa kivuli. Fred Mutebi wa Uganda anajulikana kwa kuchapa rangi nyingi mno namna hii kutoka kwenye ubao mmoja. Njia hii haina kurudi nyuma: ukishabonyeza hatua ya pili, ya kwanza imekufa. Na nakala lazima zilale palepale mara zote mbili, kwa hiyo gundisha vipande viwili vya kadi mezani vikutane kama kona, bamba liegemee humo na karatasi iwe na alama zake. Ikisogea unywele mmoja tu, mama ana pua mbili.

Wino ndio ulionipeleka Kisarawe. Rangi ya maji ya kupaka nyumba inafanya kazi, lakini Februari ya Kibaha inaikausha kwenye rola kabla hujafika kwenye bamba; matone machache ya glisarini ya duka la dawa yanaichelewesha. Rangi zenye thina ziache. Thina na petroli hulila povu hili mbele ya macho yako. Kisarawe nilikuwa na kikundi cha watoto wa Jumamosi wasio na hela ya rangi, ila mihogo ilikuwepo, na masizi ya koroboi yalikuwepo. Tulipika unga wa muhogo ukawa uji mzito, ukapoa. Masizi ni makaidi, yanaelea juu ya maji kama yana kiburi, mpaka uyalainishe kwanza kwa tone la sabuni ya maji. Yakishalainika, yakande kwenye uji juu ya kipande cha kigae hadi mchanganyiko uvutike na rola iimbe kwa sauti ndogo ya kunata. Mweusi wake ni laini, hauna mng'ao, na mimi naupenda kuliko wa dukani.

Vilima vya Pugu vina kaolini nyingi, ule udongo mweupe, basi nikajaribu kuutia ili wino uwe mzito zaidi. Mweusi ukafifia ukawa majivu. Tukaacha. Wino wa muhogo wenyewe huchacha baada ya siku mbili tatu, na wanga ni chakula: binti mmoja aliweka picha ya bibi yake chini ya kitanda, mende wakala sikio. Siku hizi tunatundika ukutani. Mabaki ya povu nayo tunayarudia mpaka yaishe, na hatuyachomi, kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa mapafu.

Bamba halina umri mrefu. Kwangu, baada ya nakala kama ishirini na tano mistari myembamba huanza kujifumba, kwa sababu kijiko nacho kinaendelea kubonyeza palipobaki pameinuka.

Lipo jambo moja nililolisahau siku ya kwanza, nalo hulisahau kila anayeanza. Muhuri hugeuza. Mama wa chipsi ana kidoa shavu la kushoto, na kwenye nakala zangu zote kilikuwa cha kulia. Yeye hakuona kasoro yoyote. Aliitambua sura mara moja, maana ndiyo anayokutana nayo kwenye kioo kila asubuhi. Binti yake ndiye aliyeguna. "Huyu si mama. Kidoa kimehama." Nikarudi nyumbani, nikageuza picha kwenye simu kabla ya kuilaza juu ya povu, nikabonyeza bamba jipya, nikachapa upya hatua zote mbili. Nikawapelekea zote. Mama akachukua ile yenye kidoa kilichohama. Ile nyingine ilibebwa na binti.