Ufunguo usiolala: ulinzi wa gari la kisasa huanzia ndani ya nyumba

Katika nyumba nyingi, ndugu msomaji, ufunguo wa gari una mahali pake palipozoeleka: msumari kando ya mlango, kibakuli juu ya kabati la sebuleni, au dirishani karibu na simu inayochajiwa. Baba hurejea jioni, huuweka hapo, geti hufungwa kwa kufuli, mlango hukomewa, na familia hulala ikijua kwamba kila kitu ki salama. Kwa gari la zamani desturi hiyo haikuwa na neno. Kwa gari linalofunguka na kuwaka bila ufunguo kuingizwa popote, desturi hiyo hiyo yaweza kumfungulia mwizi njia.

Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa sababu magari ya namna hii si tena ya matajiri peke yao. Katika magari yaliyotumika yanayoshushwa kutoka Japani katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, mengi huja na kitufe cha kuwashia mahali pa tundu la ufunguo. Familia huyanunua kwa akiba ya miaka, kwa mafao ya kustaafu, au kwa fedha za ndugu waliochangishana. Gari kama hilo likiibwa, hakipotei chombo cha kutembelea tu. Pengine ndilo lililokuwa likitoa ada ya watoto, likimpeleka mgonjwa hospitali na kuleta riziki ya nyumba nzima.

Jinsi ufunguo na gari vinavyosemezana

Ufunguo wa gari la namna hii, ambao wengi wetu huuita rimoti, ni redio ndogo. Mwenye gari anaposhika kitasa, gari hutoa wito hafifu unaofika karibu tu. Ufunguo ulio mfukoni au mkobani ukiusikia wito huo, hujibu kwa siri ambayo gari linaitambua, na mlango hufunguka. Akibonyeza kitufe cha kuwashia, mazungumzo hurudiwa na injini huwaka. Gari halimjui mwenyewe. Linachokijua ni jibu la ufunguo. Na kwa kuwa wito wake ni hafifu, huamini kwamba ufunguo unaojibu lazima uwe karibu.

Imani hiyo ndiyo wanayoitumia wezi. Mara nyingi huja wawili, kila mmoja na kifaa chake. Mmoja husimama kando ya gari, mwingine hujongea mlango au dirisha la nyumba. Vifaa vyao huupeleka wito wa gari hadi ndani na kulirudisha jibu la ufunguo hadi nje. Siri yenyewe haivunjwi; husafirishwa tu, kama mjumbe apelekavyo barua asiyoweza kuisoma. Kioo hakivunjwi, king'ora hakilii, na waliolala hawasikii kitu.

Wizi huu haukuzuka jana. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH mjini Zurich, Uswisi, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8, wakaonyesha kwamba njia hiyo inafanya kazi. Novemba 2017 polisi wa West Midlands, Uingereza, walitoa picha za kamera zilizowaonyesha watu wawili wakichukua Mercedes mbele ya nyumba katika eneo la Solihull kwa muda wa kama dakika moja.

Ipo pia njia isiyouhitaji ufunguo kabisa. Mwaka 2022 Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa kompyuta za magari mjini London, aliibiwa Toyota RAV4 yake. Kabla ya hapo alikuwa amekuta bampa na taa ya mbele vimechokonolewa, akadhani ni uharibifu wa wahuni tu. Mwaka 2023 yeye na mwenzake Ken Tindell walieleza kilichotokea: wezi walizifikia nyaya zilizo nyuma ya taa, ambazo zimeungana na mtandao wa ndani wa gari, na kwa kupitia hapo wakalidanganya gari. Funzo lake kwetu ni wazi. Ukikuta taa au bampa vimechezewa, usipuuze; hamisha gari mahali pengine na umwite fundi.

Magari yaliyovuka bahari

Habari hizi za Ulaya zinatuhusu kwa namna nyingine pia. Mwaka 2015 shirika la kupambana na uhalifu la Uingereza, NCA, lilieleza kisa cha Lexus iliyoibwa London. Kifaa cha ufuatiliaji kilichokuwa ndani yake kilionyesha safari yake kupitia Ufaransa, Oman na Mombasa hadi Uganda, ambako yalikutwa pia magari mengine yaliyoibwa Uingereza.

Kwa hiyo anayenunua gari hapa kwetu naye ana wajibu. Alinganishe namba ya chesisi na nyaraka, adai nyaraka za forodha, na aitilie shaka bei ya chini isiyo na maelezo. Mali ya wizi haigeuki kuwa halali kwa kuvuka bahari, na soko la magari ya wizi huishi kwa wanunuzi wasiouliza.

Hatua za kuchukua nyumbani

Kwanza, ufunguo uhame mlangoni. Uwekwe ndani kabisa, mbali na milango na madirisha, tena katika mfuko maalumu wa kuzuia mawimbi ya redio, wenye utando wa metali ndani yake. Ufunguo wa akiba nao usisahauliwe, kwani huo nao husikia wito na kuujibu. Usiamini mfuko kwa maneno ya muuzaji. Tia ufunguo ndani, ufunge vizuri, kisha simama kando ya gari uvute kitasa. Gari likifunguka, mfuko haufai. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu utando huchakaa. Wapo wanaotumia kopo la bati. Nalo lipimwe kwa jaribio hilo hilo.

Pili, ulaze ufunguo ikiwa unaweza kulazwa. Kwa funguo nyingi za Toyota, shikilia kitufe cha kufungia milango huku ukibonyeza cha kufungulia mara mbili. Taa yake ndogo ikimetameta mara nne, ufunguo umelala na hautaujibu wito wa gari mpaka ubonyezwe tena. Ford nayo, mwaka 2019, ilianza kutoa funguo zinazolala zenyewe zikikaa sekunde 40 bila kutikiswa. Baadhi ya magari huruhusu mfumo mzima kuzimwa. Kisome kitabu cha gari lako, au muulize fundi umeme unayemwamini.

Tatu, zihesabu funguo zako. Gari lililotumika mara nyingi hufika na ufunguo mmoja tu, na mwenye nyumba hajui wa pili uko mikononi mwa nani. Fundi mwenye vifaa anaweza kufuta funguo zote zilizosajiliwa katika gari na kusajili upya zile ulizo nazo. Kazi hiyo ifanywe mbele ya macho yako.

Nne, ongeza kizuizi kisichotegemea redio. Chuma cha kufungia usukani ni kitu cha zamani, lakini humlazimisha mwizi kukata, kupiga kelele na kukawia. Swichi ya siri inayozuia injini kuwaka, iliyofungwa na fundi mwaminifu, humkwamisha hata aliyekwisha kuingia. Kifaa cha ufuatiliaji hakizuii wizi, ila husaidia kulitafuta gari.

Tano, tuwe macho tuwapo nje. Sokoni, hospitalini, hata nje ya msikiti, mwizi anaweza kuvuruga mawimbi wakati unapobonyeza kitufe cha kufunga, nawe ukaondoka ukidhani umefunga. Vuta kitasa kabla ya kuondoka. Tena, usishuke ukaacha injini ikiwaka, hata kama ufunguo unao mfukoni. Gari likishawaka, kwa kawaida halizimiki kwa sababu tu ufunguo umeondoka; hulia kuonya na kuendelea na safari.

Mwisho kabisa, watu wote wa nyumbani wafundishwe hivi: ikitokea mwizi amekuja kwa silaha, apewe ufunguo. Gari hutafutwa tena, roho haitafutwi.

Gharama ya mengi katika haya ni ndogo mno mbele ya bei ya gari. Sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mwenyewe amtegemee Mola wake. Basi usiku wa leo, taa zikishazimwa, baba amuulize mama, au mama amuulize baba: ufunguo umelala wapi? Jibu likiwa ni kule kule mlangoni, ainuke mmoja auhamishe kabla ya kulala.