Je, Wajua? Pugu, Kamata na Reli ya Mjini

Je, wajua kwamba Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam Februari 1905, miezi michache kabla ya Vita vya Maji Maji? Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Pugu iko mwanzoni kabisa mwa safari hiyo, pale treni inapoiacha tambarare ya mji na kuanza kupanda vilima.

Je, wajua mwalimu aliyeipa Pugu umaarufu? Julius Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, leo Sekondari ya Pugu, mpaka alipojiuzulu Machi 1955. Chama cha TANU alichokiongoza kilizaliwa Kariakoo tarehe 7 Julai 1954, Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba. Kutoka darasani hadi chamani ni kama kilomita 20. Kwangu mimi, hakuna kituo kidogo cha reli nchini kinachoishinda Pugu kwa uzito wa historia.

Je, wajua kwamba Kamata, jirani na Kariakoo upande wa Gerezani, ni kituo cha treni chenye jina la mabasi? KAMATA ilikuwa Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Kampuni haipo tena.

Treni ya abiria wa mjini ilizinduliwa Oktoba 2012, ikitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa kupitia Kamata na Buguruni. Watu wakaiita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, nayo ikaanza ya kwake hadi Mwakanga. Pugu ilisubiri treni ya mjini mpaka Agosti 2016.

Na je, wajua kwamba jiji la Dar es Salaam lina reli za vipimo vitatu? Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, na reli mpya ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, ina 1,435. Behewa la kawaida la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Ndiyo maana kule Kidatu, Reli ya Kati inapokutana na TAZARA, mzigo ulikuwa ukishushwa na kupakiwa upya.

Ombi langu kwa Shirika la Reli Tanzania (TRC): wekeni ubao wa historia stesheni ya Pugu, uandikwe kwa Kiswahili, ili mwanafunzi anayesubiri treni asome habari za Mwalimu Nyerere.