Je, Wajua? Koo Bovu Laweza Kuharibu Moyo

Je, wajua kwamba maumivu ya koo yasiyotibiwa yanaweza kumwachia mtoto ugonjwa wa moyo wa maisha? Chanzo ni bakteria aina ya streptokoka, wanaoenea kwa urahisi pale watoto wengi wanapolala chumba kimoja. Baadhi ya sehemu za bakteria hao zinafanana na tishu za moyo. Kinga ya mwili, ikishazoea kumshambulia adui huyo, huweza kukosea na kugeukia vali za moyo. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, mtoto hupata homa na maungo huvimba kwa zamu: leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, na huwapata zaidi wenye miaka 5 hadi 15. Maungo hupona. Vali zilizopata makovu hazirudi kama zamani.

Kinachouma ni kwamba dawa yake ni ya zamani na bei yake ni nafuu: penisilini. Ikianza kutumiwa ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, huikinga homa hiyo. Aliyekwisha kuugua huchomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, maana kila shambulio jipya huongeza makovu. Jijini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inatoa huduma za kibingwa za moyo, lakini mzazi wa wilaya ya Kongwa au Mpwapwa, mkoani humo, aanzie zahanati ya karibu. Mtoto akiumwa koo na kupata homa bila mafua wala kikohozi, mpeleke apimwe mapema.