Kupanga Mafunzo ya Sayansi ya Wiki Mbili

Shule nyingi za sekondari huandaa mafunzo ya muda mfupi ya sayansi wakati wa likizo, hasa kwa wanafunzi wanaokaribia mtihani wa Kidato cha Nne. Walimu huacha mapumziko yao, wazazi hugharimia chakula, na wanafunzi huacha kazi za nyumbani na za shambani ili wahudhurie. Hata hivyo, si ajabu mafunzo hayo kumalizika madaftari yakiwa yamejaa, lakini baada ya mwezi mmoja mwanafunzi asiweze kueleza hata nusu ya yaliyomo. Mara nyingi kosa haliko katika bidii ya mwalimu wala ya mwanafunzi. Kosa liko katika swali lililotumika kupanga ratiba. Huulizwa ni mada ngapi zinaweza kufundishwa, wakati ambapo yafaa kuulizwa ni mada ngapi zitakazobaki.

Jinsi Binadamu Anavyosahau

Mwaka 1885 mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni sehemu gani ya kazi ya kuhifadhi iliyookolewa alipojifunza tena orodha zile zile baadaye. Baada ya saa moja aliokoa asilimia 44 ya kazi. Baada ya siku moja asilimia 34. Na baada ya siku 31 asilimia 21. Kwa hiyo usahaulifu huwa wa kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi.

Ebbinghaus aligundua jambo jingine lenye manufaa zaidi kwa mwalimu. Kurudia orodha mara 38, kwa kugawanya marudio hayo katika siku tatu, kulimfaa takriban sawa na kuirudia mara 68 mfululizo katika siku moja. Mada yenye maana haisahauliki upesi kama silabi tupu, lakini faida ya kugawanya marudio imethibitishwa pia katika masomo ya kawaida.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma habari mara mbili na wale walioisoma mara moja kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 81 na wenzao asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na walioandika kwa kukumbuka asilimia 56. Hapa ndipo ulipo mtego wa mafunzo ya haraka. Njia inayompa mwanafunzi matumaini jioni ya leo siyo lazima iwe ndiyo itakayomfaa siku ya mtihani.

Hesabu ya Vipindi

Tuseme mafunzo yana siku 12, na kila siku ina vipindi 6 vya dakika 40. Jumla ni vipindi 72, yaani saa 48, kwa ajili ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mpangaji asiyetafakari atagawa vipindi 24 kwa kila somo na kuvijaza mada 24. Mpangaji makini huanza kwa kutoa.

Kwanza, kipindi cha kwanza cha kila siku hutengwa kwa kukumbuka yaliyopita, madaftari yakiwa yamefungwa: vipindi 12. Pili, kila somo hupewa majaribio manne ya maabara, kila moja likichukua vipindi viwili: vipindi 24. Tatu, hutengwa kipindi kimoja kwa kila somo kupima hali ya wanafunzi siku ya kwanza, na kimoja siku ya mwisho: vipindi 6. Hubaki vipindi 30, yaani 10 kwa kila somo. Ikiwa mada huhitaji vipindi viwili vya kufundishwa na kimoja cha kurejewa siku nyingine, basi kila somo lina nafasi ya mada tatu tu, na kipindi kimoja cha akiba.

Idadi hiyo ni ndogo, na ndiyo maana uchaguzi wa mada una uzito. Zichaguliwe mada zinazobeba nyingine. Kwa mfano, atakayeelewa vyema dhana ya moli atakuwa na ufunguo wa hesabu za asidi na alikali, za gesi na za elektrolisisi. Mada zinazoachwa nazo zitajwe wazi, ili mwanafunzi ajue atakazojisomea.

Masomo yasipangwe kwa kumaliza Fizikia yote siku nne za mwanzo, kisha Kemia. Yapokezane. Mada iliyofundishwa siku ya 1 iulizwe siku ya 2, siku ya 4 na siku ya 9.

Maabara Isiachwe

Majaribio ndiyo huwa ya kwanza kukatwa, kwa madai kwamba vifaa ni haba. Madai hayo yanahitaji kupimwa. Kwa wanafunzi 40 wenye seti 5 za vifaa, yaundwe makundi 10 ya watu wanne. Makundi 5 hufanya jaribio katika kipindi cha kwanza huku mengine 5 yakifanya hesabu zinazohusika, kisha hubadilishana.

Jaribio la pendulamu lahitaji uzi, jiwe dogo, rula na saa. Uzi wenye urefu wa sentimita 100, ukipimwa hadi katikati ya jiwe, huchukua sekunde 40 hivi kwa mibembeo midogo 20. Wa sentimita 64, sekunde 32. Wa 36, sekunde 24. Na wa 16, sekunde 16. Mwanafunzi hugundua mwenyewe kwamba urefu ukipunguzwa mara nne, muda hupungua mara mbili. Hugundua pia sababu ya kuhesabu mibembeo 20: kosa la sekunde 0.2 katika kubonyeza saa hugawanyika na kuwa sekunde 0.01 kwa kila mbembeo.

Kadhalika katika Kemia, makundi 10 yakitumia kila moja sentimita za ujazo 100 za sodiamu haidroksaidi yenye nguvu ya moli 0.1 kwa lita, huhitaji lita moja. Kwa kuongeza nusu lita ya akiba, gramu 6 zatosha. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu kuandaa mchanganyiko huo jana yake.

Mpango wa namna hii huonekana mwembamba kwenye karatasi, na huenda mkuu wa shule au mzazi akauliza kwa nini mada ni chache. Jibu litapatikana mwezi mmoja baadaye. Wanafunzi wapewe tena karatasi ya maswali ya siku ya mwisho, bila kuarifiwa mapema, na alama za mara hizo mbili zilinganishwe. Alama za mara ya pili ndizo kipimo halisi cha mafunzo, na ndizo ziongoze upangaji wa likizo inayofuata.